Asili na Nakala: Juu ya Kukusanya Michoro ya Katuni Isiyopata Kuchapwa

Katika kuta za majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuna michoro ya vyombo vya bahari iliyokwaruzwa katika lipu kwa ncha ya kitu kikali. Baadhi ya vyombo hivyo vina tanga la mraba, kama lile la mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja. Chini ya michoro hapana jina la mchoraji. Watu walioichora hawakuwa na kiwanda cha chapa, hawakuwa na mhariri wa kumpelekea kazi, wala yamkini hawakudhani kuwa macho ya mgeni yangepata kuipima. Michoro ilikaa mahali ilipochorwa, ikapigwa na upepo wa chumvi miaka mingi, hata mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walipotoa makala juu ya michoro ya vyombo katika pwani ya Afrika Mashariki. Tangu hapo michoro hiyo ina maisha mawili. Kitabuni mstari umekaa salama, mweusi juu ya karatasi nyeupe. Ukutani lipu hubanduka kidogo kidogo. Lakini ni huko peke yake ambako kina cha mkwaruzo huonekana, na mahali ambapo mkono ulisita, ukarudi, ukaanza tena.

Suala la asili na nakala, ambalo katika magofu ya Kilwa ni suala la lipu na chokaa, limezuka upya katika sanaa ambayo wasomi wengi wa fasihi ya Kiswahili waliipita bila ya kuitazama. Sanaa hiyo ni katuni, na hasa hadithi za picha zilizotolewa magazetini na vitabuni kwa zaidi ya nusu karne. Katuni zilizochapwa zina wasomaji wengi na watafiti wachache. Karatasi zenyewe ambazo mchoraji aliziinamia, na pamoja nazo zile ambazo hazikupata kupelekwa mtamboni, karibu hazina mtu. Haifai kuliacha jambo hili mikononi mwa wapenda vitu vya kale peke yao, maana linagusa msingi wa uhakiki: mhakiki anaposema kwamba anaihukumu kazi ya msanii, ni kazi ipi iliyo mbele yake?

Yafaa kwanza kueleza karatasi ya asili ni kitu gani. Mchoraji wa zamani aghalabu alianza kwa penseli, akapima fremu, akawapanga watu wake, akaacha nafasi ya maneno. Kisha alipita juu ya penseli kwa kalamu ya wino au burashi, akaifuta penseli iliyosalia. Palipokosewa palipakwa rangi nyeupe, au palibandikwa kipande cha karatasi na kuchorwa upya juu yake. Wapo waliotumia penseli ya buluu hafifu, kwa sababu kamera ya kiwanda cha chapa haikuiona rangi hiyo. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko ukurasa uliokusudiwa, kwa kuwa mchoro ukipunguzwa makosa madogo hujificha. Ilipofika kiwandani ilipigwa picha, picha ikahamishiwa katika bamba, bamba likachapa maelfu. Karatasi yenyewe ilikuwa imemaliza kazi. Iliweza kurudi kwa mwenyewe, kuwekwa katika kabati la ofisi, au kutupwa.

Kutokana na mwendo huo wa kazi hutokea hoja nzito ya wale wasioona faida ya ukusanyaji. Katuni, wasema wao, ilikusudiwa chapa tangu mwanzo. Gazeti lililomo mkononi mwa msomaji ndiyo kazi. Karatasi ya mchoraji ni mfano wa jukwaa la miti analosimamia mwashi, ambalo hubomolewa nyumba ikiisha. Nani aliyewahi kuhifadhi jukwaa akaliita nyumba? Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa inamkumbusha mhakiki kwamba mchoraji aliijua kamera na kuitegemea. Rangi nyeupe iliyopakwa juu ya kosa si aibu iliyofichuliwa. Ni sehemu ya ufundi wa mtu aliyejua kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana.

Hata hivyo mfano wa jukwaa una kasoro. Jukwaa huondoka bila ya kuacha alama katika ukuta, na mwashi hafahamiki zaidi kwa kulitazama. Karatasi ya mchoraji ni mkono wake wenyewe. Imo karibu zaidi na mswada wa mtunzi kuliko jukwaa la mwashi, na juu ya miswada fasihi ya Kiswahili ina ujuzi wa siku nyingi. Tenzi nyingi za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo katika matumizi ya zamani haikutenga sawasawa baadhi ya sauti za Kiswahili. Herufi moja iliweza kusomwa /b/ au /p/. Irabu tano zilibebwa na alama tatu. Mhariri aliyeuhamishia utenzi katika herufi za Kilatini alilazimika kuamua kila mara, na msomaji wa kitabu kilichochapwa husoma uamuzi huo akidhani anamsoma mtunzi. Ndiyo sababu hapana mwanachuoni mwangalifu awezaye kusema kuwa, madhali chapa ipo, mswada hauna kazi tena.

Pwani ya Lindi ina mfano wake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya vita vya Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Wamatumbi, bara ya Kilwa. Utenzi wake ulichapwa Ujerumani mwaka 1933 kwa juhudi za A. Lorenz, na mwaka 1957 W. H. Whiteley akautoa tena kwa ajili ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kati ya mtunzi na mwanafunzi wa leo wamesimama wahariri na wafasiri wawili, na kila mmoja aliisafisha njia kwa namna yake. Mwanafunzi anawashukuru, lakini shukrani haimzuii kuuliza mkono wa kwanza uliandika nini. Swali hilohilo ni halali kwa mchoraji wa katuni, ambaye naye mhariri alimkata maneno, akampunguza fremu, au akambadilishia kichwa cha habari.

Katika Tanzania mifano ya kuulizia swali hilo si michache. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru miaka ya 1960 na 1970, alitoka kurasani akaingia katika mazungumzo ya watu hata jina lake likajulikana na wasiopata kusoma gazeti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 gazeti la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilileta jamii nzima ya wahusika. Majina yao peke yake ni somo la fasihi. Ndumilakuwili ni nyoka anayesemwa kuwa na vichwa viwili, na kwa hiyo ni mtu asiyeaminika. Lodilofa amelibeba neno la mjini, lofa, akalitia mwendo wa mchezo. Philip Ndunguru, aliyekuwa miongoni mwa wachoraji wake mashuhuri, alifariki mwaka 1986. Wahusika hawakufa pamoja naye. Mikono mingine iliwapokea.

Hapo ndipo uhakiki unapoona upungufu wake. Mhusika anaporithiwa, msomaji wa kawaida huridhika akimwona na nguo zilezile na pua ileile. Mhakiki hutaka kujua mrithi alibadili nini: kama mstari umekuwa mzito au mwepesi, kama mkono mpya unachora kwa mwendo mmoja au unatafuta njia kwa penseli kabla ya kuthubutu wino. Chapa ya gazeti la bei nafuu, katika karatasi inayofyonza wino na kuutawanya, huifuta tofauti hiyo. Mistari miwili iliyokaribiana hugeuka mmoja. Kivuli kilichotiwa kwa vistari vyembamba huwa doa. Basi yawezekana uzito wa mistari ambao mhakiki ameuhesabu kuwa mtindo wa mchoraji ni tabia ya karatasi tu. Bila ya asili hana njia ya kulitenga kosa la mtambo na kusudio la msanii, na kila hukumu atakayoitoa juu ya mtindo itakuwa na shaka ndani yake.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa michoro iliyochapwa, ile isiyochapwa ina haja kubwa zaidi ya kuhifadhiwa, kwa sababu haina nakala ya kuikumbuka. Lakini neno "isiyochapwa" limejumlisha mambo matatu ambayo hayafai kuchanganywa. La kwanza ni michoro ya majaribio, ambamo mchoraji anamtafuta mhusika wake: kichwa kimechorwa mara kumi, mara hana kofia, mara anayo. La pili ni kazi iliyokamilika ikapelekwa kwa mhariri ikakataliwa. La tatu ni kazi iliyokamilika lakini haikupata mlango wa kuingilia, ama kwa kukosa fedha, ama kwa kuwa gazeti lenyewe lilikufa. Ya kwanza husomwa kama kumbukumbu ya fikira, ya pili kama kumbukumbu ya mvutano baina ya msanii na wenye chapa, ya tatu kama kumbukumbu ya uchumi wa nchi. Mkusanyaji anayeziweka zote katika bahasha moja iliyoandikwa "mabaki" amezihifadhi karatasi akaupoteza ushahidi.

Sababu za kukataliwa nazo hutofautiana, na mhakiki asifanye haraka kudhani kwamba kila kilichokataliwa kilikuwa kibovu, au kinyume chake kwamba kila kilichokataliwa kilikuwa cha kishujaa. Mwaka 1936 Hergé, mchoraji wa Ubelgiji aliyemwumba Tintin, alichora jalada la Le Lotus bleu ambalo mchapaji hakulitumia, kwa kuwa kulichapa kwa rangi zake zote kungegharimu mno. Mchoro ulikunjwa, ukakaa katika nyumba ya mchapaji kwa miaka mingi, na alama za kukunjwa zingaliko. Mwezi Januari 2021 uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 3. Basi katika kisa hiki ubora wa kazi haukuwa sababu ya kukataliwa. Wala bei haikuwa uthibitisho wa ubora, maana walionunua walinunua pamoja na mchoro historia yake na sifa ya mwenyewe. Mhakiki ana wajibu wa kuitazama karatasi kana kwamba haina bei.

Bei, hata hivyo, haipuuziki, kwa kuwa ndiyo inayoamua karatasi itakaa wapi na katika hali gani. Huko Marekani kwa miaka mingi makampuni ya vitabu vya katuni yaliihesabu karatasi ya asili kuwa mali ya kampuni. Jack Kirby, aliyechora maelfu kwa maelfu ya kurasa, alivutana na kampuni ya Marvel miaka ya 1980 kabla ya kurudishiwa sehemu ya michoro yake mwaka 1987. Sehemu kubwa zaidi haikumfikia. Kisa hiki kinaonya kwamba ukusanyaji usioanza na haki ya mchoraji huanza na dhuluma. Mtu aliyelipwa ujira wa ukurasa mmoja kwa ajili ya chapa moja hakuuza mkono wake, na mkusanyaji mwema humwuliza kwanza mwenyewe au warithi wake, hata kama karatasi ameikuta katika kabati la ofisi iliyofungwa.

Soko lina dhara jingine ambalo wapenzi wa tenzi watalifahamu mara moja. Hadithi ya katuni yenye kurasa ishirini huuzwa ukurasa mmoja mmoja, kwa kuwa ukurasa wenye shujaa wake katika vita hupata bei kuliko ukurasa ambamo watu wamekaa wanazungumza. Hadithi husambaa katika nyumba ishirini za miji ishirini. Lau mtu angeukata utenzi akauza beti moja moja, beti za vita kwa ghali na beti za dua kwa rahisi, angehesabiwa mharibifu; lakini katika katuni jambo hilo huitwa biashara. Mfano wa kuigwa ulitolewa mwaka 2008, pale kurasa 24 za asili zilizochorwa na Steve Ditko kwa toleo la 15 la Amazing Fantasy la mwaka 1962, ambamo Spider-Man alionekana mara ya kwanza, zilipotolewa zawadi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu asiyetaka kutajwa. Ukamilifu wa zawadi ile una thamani kuliko umashuhuri wake. Msomaji anaweza kumfuata mchoraji tangu fremu ya kwanza hata ya mwisho, akaona wapi alikuwa na nafasi na wapi muda ulimbana.

Afrika nayo imeanza kukusanywa, ingawa si lazima na Afrika yenyewe. Papa Mfumu'eto wa Kinshasa, ambaye vitabu vyake vidogo vya katuni kwa Kilingala viliuzwa mitaani hasa katika miaka ya 1990, michoro na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa leo katika maktaba za Chuo Kikuu cha Florida. Pwani ya Kilwa haiwezi kuistaajabia habari hiyo, kwa kuwa inaijua njia. Barua zilizoandikwa na watu wa Kilwa mwaka 1711, zinazohesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia, ziko katika hifadhi ya nyaraka za Goa, India. Historia ya masultani wa Kilwa kwa Kiarabu inasomwa kwa nakala ya mwaka 1877 iliyomo London, ambayo S. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Mifupa mikubwa ya Tendaguru, iliyochimbwa bara ya Lindi kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa Berlin.

Ni rahisi kulalamika juu ya safari hizo, na malalamiko yana haki ndani yake. Lakini uhakiki hautimii kwa malalamiko. Lazima ikubaliwe kwamba barua za 1711 zimesalia kwa sababu ziliondoka. Pwani yenyewe, kwa joto, unyevu, chumvi na mchwa, ni adui wa karatasi kuliko wino unavyoweza kustahimili. Lazima ikubaliwe vilevile kwamba kitu kilichosalia mbali na wasomaji wake kimesalia nusu. Mwanafunzi wa Lindi anayetaka kuuona mkono wa mzee wa Kilwa huhitaji hati ya kusafiria. Upande mmoja kuna kupotea, upande wa pili kuna kutengwa. Njia ya tatu ipo, nayo ni kukusanya nyumbani kwa utaratibu wenye nguvu ya kushindana na mchwa.

Njia hiyo si ngeni. J. W. T. Allen alikusanya miswada ya pwani kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikatolewa orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizomo katika maktaba ya chuo hicho. Katika kazi ile yamo mafunzo ya kutosha. Mswada uliandikwa ulikotoka na ulivyopatikana. Sauti iliwekwa pamoja na maandishi, kwa kuwa utenzi unaosomwa kimya si utenzi mzima. Michoro ya katuni inadai matendo hayohayo. Karatasi iandikwe tarehe, gazeti na jina la mchoraji, hadithi isivunjwe, kilichokataliwa kiwekwe kando ya kilichokubaliwa, na mchoraji aliye hai ahojiwe, asimulie kwa nini fremu ya tatu ilifutwa, kabla maelezo hayo hayajaenda naye kaburini. Picha zipigwe, ili macho ya wengi yasiichoshe karatasi. Na pasiwe na mtu wa kudhani kwamba picha ikishapigwa karatasi yaweza kutupwa, maana huo ndio uamuzi wa mwenye kiwanda cha chapa, na hasara yake imekwisha onekana.

Kuna mpaka mmoja ambao mkusanyaji na mhakiki hawana budi kuuheshimu. Msanii ana haki ya kuchana. Mchoro alioukataa mwenyewe, si mhariri, haukuwa siri iliyoibwa kwa umma. Ulikuwa neno alilolifikiri akaacha kulisema. Ukikutwa umesalia waweza kusomwa kwa adabu, kama barua ya mtu inavyosomwa baada ya kufa kwake, lakini usiwekwe mbele ya kazi aliyoitia sahihi kana kwamba huo ndio ukweli wake na ile ni uongo. Aghalabu wapenzi wa vitu visivyochapwa hudanganywa na uchache: kwa kuwa hakuna mwingine aliyekiona, hudhani kuwa hakuna kizuri kama hicho. Si kila kilichozama baharini ni lulu. Nyingi ni kauri, na kauri pia zina mahali pake katika historia, ili mradi ziitwe kauri.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na kwa kazi ya kuyatengeneza yakaondolewa humo mwaka 2014. Kuta zilipoimarishwa, lipu iliyosalia juu yake iliongezewa maisha, na pamoja nayo vyombo vile visivyo na jina la mchoraji. Karatasi za katuni ni nyepesi kuliko mawe, na kuzihifadhi hakuhitaji chokaa wala mafundi wa kujenga bahari isile ufuko. Kunahitaji sanduku kavu, daftari la orodha, na mtu aliyekwisha kubali kwamba mkono uliomchora Chakubanga unastahili kutazamwa kwa macho yaleyale yanayoutazama mkono uliochora mtepe.